Jina likikosewa daftarini: Jinsi makosa ya usajili yanavyowageuza wakazi wa Kwale kuwa wageni

KINANGO ni nchi ya nyika. Msafiri anayetoka Diani na kuipanda Milima ya Shimba huiacha minazi na mikorosho nyuma yake, na akishateremka upande wa pili hukuta vichaka vya miiba, mabwawa ya maji ya mvua na maboma ya ng'ombe na mbuzi yaliyotawanyika. Ofisi za serikali ni chache na ziko mbalimbali. Kwa miaka mingi watoto wengi wa huko walizaliwa nyumbani mikononi mwa wakunga wa jadi, na cheti cha kuzaliwa kikatafutwa baadaye sana, aghalabu pale mtoto alipokaribia kufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi.

Cheti cha namna hiyo huandikwa kwa kumbukumbu za watu. Mama hutaja mwaka wa njaa fulani au wa mvua fulani, naibu wa chifu akakisia, karani akaandika. Majina nayo yana taabu yake. Kiduruma na Kidigo vina sauti ambazo hazimjii mkononi karani aliyetoka bara, au hata mwenyeji aliyezoea tahajia ya Kiswahili sanifu pekee. Dzuya huweza kugeuka Zuya, Tsuma akawa Suma, na Ndzovu akaandikwa Ndovu. Baba akiwa na "dz" katika kitambulisho chake na mwana akawa na "z" katika cheti chake, mbele ya kompyuta hao ni watu wawili wasiohusiana kwa lolote.

Kwa Mduruma ambaye babu yake anajulikana na kila mzee wa kijiji, kosa hilo ni usumbufu tu, ingawa usumbufu wenye gharama. Atapanda gari hadi mjini, ataapa mbele ya wakili au hakimu, atalipia hati ya kiapo, atarudi tena wiki nyingine, na mwishowe jina litarekebishwa. Mambo huwa tofauti kabisa kwa mkazi ambaye babake au babu yake alitoka ng'ambo ya mpaka. Kosa lile lile la herufi moja, au la mwaka mmoja, kwake huhesabiwa kuwa ushahidi kwamba anadanganya. Hapo ndipo kalamu ya karani inapoweza kumfanya mtu mgeni katika nchi aliyozaliwa.

Jambo hili halijulikani vyema nje ya pwani, ijapokuwa Kaunti ya Kwale imetoa mfano wake mkubwa. Kabla ya kuueleza mfano huo yafaa kwanza kufahamu daftari lenyewe la watu lilianzaje na linafanyaje kazi.

Kipande na warithi wake

Usajili wa watu nchini Kenya haukuanzishwa ili kumpa mtu haki. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1915 na ikatekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kubeba kipande, karatasi iliyotiwa ndani ya kikasha cha chuma na kuvikwa shingoni, ili mwajiri na polisi wajue ametoka shamba gani na kama ameruhusiwa kuondoka. Mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya iliyowahusu watu wa rangi zote, nayo ndiyo mzizi wa Sheria ya Usajili wa Watu inayotumika hadi leo. Wanawake hawakuanza kupewa vitambulisho ila mwishoni mwa miaka ya 1970.

Historia hiyo ina matokeo mawili yanayoonekana hata sasa. La kwanza ni kwamba upo upungufu mkubwa wa karatasi za akina mama na nyanya wa zamani, hivyo mtu anayetaka kuthibitisha uraia kupitia kwa mama huwa na kazi ngumu kuliko anayepitia kwa baba. La pili ni kwamba fomu ya kitambulisho imeendelea kuuliza kabila la mwombaji na mahali ukoo wake ulikotoka. Orodha ya makabila ndani ya ofisi ya usajili imekuwa mlango wa uraia, ingawa hakuna kifungu chochote cha katiba, wala ya zamani wala ya sasa, kinachosema kuwa Mkenya ni lazima awe wa kabila lililo katika orodha fulani.

Asiye na kabila katika orodha hana mahali pa kuandikwa. Karani mwema humwambia arudi baadaye, na karani mwenye pupa humfukuza. Aliye hodari wa kutafuta njia humshauri ajiandikishe kama Mdigo, ushauri ambao ulizaa balaa jingine litakaloelezwa hapa chini.

Wageni wa mashamba

Wamakonde wa Kwale asili yao ni Msumbiji. Wengi wa wazee wao waliletwa na Waingereza kuanzia miaka ya 1930 ili wafanye kazi katika mashamba ya miwa na mkonge, na jina linalotajwa mara nyingi katika simulizi zao ni Ramisi, mahali palipokuwa na kiwanda cha sukari hadi kilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Wengine walikuja wakikimbia vita vya ukombozi dhidi ya Wareno, vilivyoanza mwaka 1964 na kumalizika 1974. Walikaa Makongeni na vijiji vingine vya Msambweni, wakaoana na Wadigo, wakalima, na baadhi yao wakaendeleza ufundi wao wa kuchonga vinyago ambavyo watalii wa Diani huvinunua kama ukumbusho wa Kenya. Huenda hakuna kejeli iliyo kali kuliko hiyo: kinyago kilivuka uwanja wa ndege kikiitwa cha Kenya, na mchongaji wake hakuweza kufika Likoni bila hofu ya kukamatwa.

Je, kisheria walikuwa wageni? Jibu si rahisi kama lilivyodhaniwa na maofisa wengi. Katiba ya uhuru ilisema kuwa aliyezaliwa Kenya kabla ya Desemba 12, 1963 angekuwa raia moja kwa moja ikiwa angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya. Aliyezaliwa hapa kwa wazazi waliotoka nje alipewa miaka miwili kuomba kuandikishwa. Kibarua wa shamba la miwa, asiyejua kusoma, asiye na redio wala wakili, hakuwa mtu wa kuifuatilia tarehe ya mwisho iliyotangazwa Nairobi, na muhula ukapita.

Watoto waliozaliwa baada ya uhuru walikuwa na hali bora, kwani katiba ile ile ilimtambua kila aliyezaliwa Kenya baada ya tarehe hiyo kuwa raia. Lakini mwaka 1985 Bunge lilirekebisha kifungu hicho na kuamua kwamba kuzaliwa nchini hakutoshi, ni lazima mzazi mmoja awe raia. Marekebisho hayo yalirudishwa nyuma hadi mwaka 1963. Kwa maneno mengine, mtu mwenye miaka 21 ambaye siku zote alikuwa raia kwa mujibu wa sheria aliambiwa kwamba kumbe hakuwahi kuwa.

Hata hivyo marekebisho hayo hayakumgusa mtoto ambaye mama yake alikuwa Mdigo na raia. Huyo alibaki kuwa raia wa kuzaliwa, alitakiwa apewe kitambulisho kama kijana mwingine yeyote, na pale aliponyimwa kwa sababu jina la babake lilikuwa la Kimakonde, kilichotendeka kilikuwa kosa la usajili lililo wazi. Katika mjadala mzima wa Wamakonde jambo hili limepita kimyakimya. Lilizungumzwa kana kwamba Wamakonde wote walikuwa wakiomba hisani ya serikali, ilhali baadhi yao walikuwa wakidai kilicho chao.

Safari ya Nairobi

Maisha bila kitambulisho yaliwabana kila upande. Kuanzia mwaka 2007, M-Pesa ilipoingia, biashara ndogo ndogo za pwani zilianza kuendeshwa kwa simu, na tangu usajili wa laini za simu ulipofanywa kuwa lazima mwaka 2010, asiye na kitambulisho aliishi kwa laini ya jirani. Fedha zake zilipita katika mfuko wa mtu mwingine. Hakuweza kufungua akaunti benki, kuandikisha shamba kwa jina lake, kupiga kura, kupata cheti cha mwenendo mwema kwa ajili ya kazi ya hoteli, wala kuingia katika ofisi nyingi za serikali, kwa kuwa askari wa mlangoni hudai kitambulisho kabla ya salamu. Wazee wakakosa nafasi katika mpango wa Inua Jamii, ambao huwapa ruzuku waliotimiza miaka 70, kwa sababu umri huthibitishwa kwa kitambulisho.

Katiba ya 2010 na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 zilifungua mlango. Sheria hiyo iliruhusu mtu asiye na uraia wa nchi yoyote, ambaye ameishi Kenya mfululizo tangu Desemba 12, 1963, aombe kuandikishwa kuwa raia, na vivyo hivyo kizazi chake. Mlango wenyewe ulikuwa na muda: miaka mitano, iliyomalizika Agosti 2016, kisha ukaongezwa miaka mitatu. Tatizo ni kwamba mwombaji alitakiwa kuthibitisha makazi ya zaidi ya nusu karne kwa karatasi, naye alikuwa anaomba kwa sababu hiyo hiyo ya kutokuwa na karatasi.

Oktoba 2016 mamia ya Wamakonde, wakifuatana na watetezi wa haki za binadamu, walifunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi, sehemu yake kwa miguu, ili wamwone Rais Uhuru Kenyatta. Rais aliwapokea Ikulu na kuagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba mwaka huo. Februari 2017 alifika Kwale kuvikabidhi, na zaidi ya watu elfu moja wakavipokea. Wamakonde wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya.

Furaha yao ilikuwa ya haki. Lakini angalia namna tatizo lilivyotatuliwa: kwa kuongeza jina moja katika orodha, si kwa kuifuta orodha. Asiyekuwemo aliendelea kuwa nje, akisubiri zamu ya kabila lake na huruma ya rais atakayekuwa madarakani.

Wapemba na maili kumi za Sultani

Waliosubiri zaidi ni Wapemba. Hawa ni wavuvi wenye asili ya kisiwa cha Pemba waliofuata samaki hadi Vanga, Shimoni, Gazi na Msambweni, na kaskazini hadi Mayungu na Ngomeni katika Kilifi. Wengine walifika zamani, wengine baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964.

Kwao neno "mgeni" lina historia ya ajabu. Hadi Desemba 1963 ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, ukitawaliwa na Waingereza kwa niaba yake. Mvuvi wa Pemba aliyetia nanga Gazi mwaka 1950 alikuwa ametoka nchi ya Sultani na kuingia nchi ya Sultani. Mduruma wa Kinango, aliyeishi zaidi ya ukanda huo, ndiye aliyekuwa katika koloni. Mpaka ulipochorwa upya na bendera kubadilishwa, mvuvi hakuondoka alipokuwa amekaa. Ni mstari uliomhama yeye.

Bila kitambulisho Mpemba hakuweza kupata leseni ya uvuvi kwa jina lake. Chombo alichokinunua kwa jasho lake kiliandikishwa kwa jina la rafiki au mkwe, na uhusiano ukiharibika, chombo huondoka. Alipokutana na maofisa baharini aliweza kutozwa faini kama mvuvi haramu kutoka Tanzania, wakati Tanzania nayo haina habari zake, kwani wengi wao wamezaliwa Kenya na wazazi wao pia. Wapemba walitambuliwa kuwa jamii ya Kenya Januari 2023, na Julai mwaka huo Rais William Ruto aliwakabidhi vitambulisho Kilifi. Kati ya Wamakonde na wao walikuwa wamepita Washona, wenye asili ya Zimbabwe, ambao Desemba 2020 serikali ilitangaza kuwapa uraia watu 1,670 kati yao, pamoja na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda.

Ikumbukwe kuwa pwani ya kusini ina wageni wa aina nyingine. Ni Wajerumani, Waitaliano, Waswisi na Waingereza waliojenga nyumba Diani na kuhamia huko. Mgeni anayekaa zaidi ya siku 90 hutakiwa kujiandikisha na kupewa kitambulisho cha mgeni. Makosa huwapata na wao: jina la kati likaachwa, nambari ya pasipoti ya zamani ikabaki. Lakini kosa lao huishia katika barua ya wakili na siku mbili za kusubiri Mombasa. Wana nchi nyingine inayowajua kwa jina.

Kosa ndani ya kompyuta

Zamani daftari la watu lilikuwa karatasi katika makabati ya ofisi mbalimbali, na ofisi hizo hazikusomana. Leo ziko katika Mfumo Jumuishi wa Usajili wa Watu, maarufu kwa ufupisho wake IPRS, ambao huunganisha habari za vizazi, vifo, vitambulisho, wageni na wakimbizi. Benki, kampuni za simu na idara za serikali huulizia huko. Faida zake ni nyingi na hakuna anayezikana. Hasara yake ni kwamba kosa lililokuwa limelala katika faili moja sasa husafiri.

Mfano ulio wazi zaidi hautoki pwani bali kaskazini mashariki. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, Wakenya wengi wa Garissa na maeneo ya karibu walioumizwa na ukame walijiandikisha katika kambi za Dadaab kama wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Wengine walikuwa watoto walioandikishwa na wazazi. Walipotimiza miaka 18 na kuomba kitambulisho, alama za vidole vyao zilijibu kwamba wao ni wakimbizi. Idadi yao imekadiriwa kufikia watu 40,000. Hao ni raia ambao daftari la taifa limewageuza kuwa wageni kwa sababu ya njaa ya zamani, na chombo kilichosifiwa kwa kutokukosea, yaani kidole, ndicho kilichowafunga.

Serikali ilipoanzisha Huduma Namba mwaka 2019, jamii zilizowahi kunyimwa vitambulisho zilikwenda mahakamani zikihofia kufungiwa nje mara ya pili. Januari 30, 2020 Mahakama Kuu iliamua kuwa mpango huo uweze kuendelea baada tu ya kuwekewa sheria na kanuni za kutosha, ikapiga marufuku ukusanyaji wa vinasaba, na ikakiri kuwa wasio na stakabadhi wanaweza kutengwa. Oktoba 2021 mahakama hiyo ikabatilisha utoaji wa kadi zake kwa kuwa athari za mpango kwa faragha ya watu hazikuwa zimepimwa kwanza. Maisha Namba, iliyofuata mwishoni mwa 2023, humpa mtoto nambari moja ya kudumu tangu kuzaliwa. Kwa familia yenye karatasi zilizonyooka huo ni wepesi mkubwa. Kwa mtoto wa Makongeni au Kinango ambaye jina la baba limeandikwa namna mbili, ni kosa atakalozaliwa nalo.

Kenya haiko peke yake katika haya. Ujerumani, nchi inayosifiwa kwa utaratibu, ilipofanya sensa mwaka 2011 iligundua kuwa ina watu milioni 1.5 pungufu ya ilivyoamini, na kati ya hao milioni 1.1 walikuwa wageni. Walikuwa wameondoka bila kuaga, na madaftari yakaendelea kuwahesabu. Kosa hilo la kumhesabu asiyekuwepo huharibu mipango na bajeti, lakini halimuumizi mtu mmoja mmoja.

Linaloumiza ni la kumfuta aliyepo. Slovenia, baada ya kujitenga na Yugoslavia, iliwapa watu waliotoka majimbo mengine ya Yugoslavia miezi sita waombe uraia. Februari 26, 1992 wale ambao hawakuomba au waliokataliwa walifutwa katika daftari la wakazi wa kudumu bila kuarifiwa. Walikuwa 25,671. Wengi waligundua walipokwenda kutengeneza karatasi nyingine na afisa akazitoboa mbele ya macho yao. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliilaumu Slovenia kwa uamuzi wa mwisho wa Juni 2012, miaka 20 baadaye. Nako Uingereza, wazee waliotoka visiwa vya Karibi tangu meli ya Empire Windrush ilipotia nanga mwaka 1948 walitakiwa wathibitishe tarehe waliyoingia, ilhali kadi za kuwasili za wengi wao ziliharibiwa na serikali yenyewe mwaka 2010. Watu wasiopungua 83 walifukuzwa nchini kimakosa, na Aprili 2018 waziri wa mambo ya ndani akajiuzulu. Mkazi wa Msambweni akiisikia habari hiyo haihitaji kufasiriwa.

Kurekebisha

Sheria za Kenya zina dawa kadhaa, baadhi zikiwa hazijulikani hata na maofisa wanaotakiwa kuzitumia. Kifungu cha 14 cha Katiba kinasema kuwa mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku ya kuzaliwa kwake mama au baba alikuwa raia, awe amezaliwa Kenya au nje, na kinawahusu hata waliozaliwa kabla ya 2010. Hili ni muhimu sana kwa Kinango na Lunga Lunga, ambako Waduruma na Wadigo wana ndugu pande zote mbili za mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Katiba ya zamani ilimnyima mwanamke Mkenya aliyejifungulia Tanga haki ya kumrithisha mwanawe uraia, na wapo maofisa wanaojibu maombi hadi leo kana kwamba kifungu hicho hakijafa.

Kifungu cha 35 nacho kina jambo la kupendeza. Haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali kimempa "kila raia", lakini haki ya kutaka habari za uongo au za kupotosha zirekebishwe au zifutwe kimempa "kila mtu". Kwa hivyo hata yule ambaye bado hajakubaliwa kuwa raia anaweza kudai jina au tarehe yake isahihishwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaikariri haki hiyo. Aidha, Sheria ya Utendaji wa Haki wa 2015 humwezesha aliyekataliwa kudai sababu kwa maandishi. Waombaji wengi wa Kwale wamekuwa wakikataliwa kwa mdomo, na kauli ya mdomo haiwezi kukatiwa rufaa. Anayepewa barua ana pa kuanzia, iwe ni kwa Tume ya Haki ya Utendaji au mahakamani.

Limebaki fundo moja ambalo sherehe za 2017 na 2023 hazikulifungua. Ni la wale waliopata vitambulisho miaka ya nyuma kwa kujiita Wadigo. Jina lililo katika kitambulisho ni la Kidigo, vyeti vya watoto vimeandikwa kwa jina hilo, kiwanja kimenunuliwa kwa jina hilo, na hata kaburi la mzazi lina jina jingine. Sasa kwa kuwa Umakonde si kosa tena, baadhi yao wangependa kurudi katika jina la ukoo. Lakini kutoa habari za uongo kwa msajili ni hatia kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Watu, na serikali haijawahi kutangaza msamaha kwa waliosema uongo kwa sababu ukweli haukuwa na mahali katika fomu. Anayetaka kusahihisha hutakiwa kwanza aandike kiapo akieleza kwa nini jina la awali si lake. Wengi hulifikiria hilo, wakawatazama watoto wao walio shuleni kwa jina la Kidigo, wakaliacha kama lilivyo.